Presha, shinikizo, msukumo au kanieneo: uandike lipi na wapi

Mtu akikuambia kuhusu jirani yenu, "Yule hana presha," amekueleza nini? Kijana wa mtaa wa Umoja atakuwa amesema jirani ni mtu aliyetulia, hababaiki wala hakimbizwi na kitu. Muuguzi wa kliniki ya wagonjwa wa nje atakuwa amesema vipimo vya jirani ni vizuri na hahitaji dawa. Muuguzi huyo huyo akiwa zamu ya usiku kwenye chumba cha dharura, akisema mgonjwa hana presha, wenzake wanakuja mbio, kwa sababu kipimo hakisomi kitu na roho inaponyoka.

Ulinganisho huu ni wa watu wanaoandika Kiswahili hapa Nairobi, kwa riziki au kwa mapenzi, na ambao kila wiki hulazimika kuchagua: wanaotafsiri vijitabu vya afya, watangazaji wa redio, walimu, wanaoandika maelezo ya pampu na sufuria. Mezani kuna presha, shinikizo, msukumo, mgandamizo, kanieneo, na pembeni wamekaa dhiki na msongo wa mawazo. Kamusi zitakupa haya yote kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Sivyo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Usiulize neno lipi ni sanifu zaidi. Uliza nguvu inatoka wapi. Nguvu iliyo ndani ya kitu na inayotaka kutoka ni presha. Nguvu ya mtu au kundi linalomkalia mwingine ili atende jambo ni shinikizo. Maisha yakimbana mtu pande zote hadi akakosa pa kugeukia, hiyo ni dhiki, au msongo wa mawazo. Na ile namba ya darasani, kani (yaani nguvu) ikigawanywa kwa eneo, ni kanieneo. Kuna mahali mstari huu unapinda, na pabaya zaidi ni hospitalini, tutafika.

Nani alianza, fundi au mwenye huzuni?

Wengi hudhani presha ni neno la mitambo lililotoroka gereji likaingia kwenye mambo ya moyo. Historia yake inasema vingine. Waingereza walilitoa kwenye Kilatini, pressura, na Biblia ya Kilatini inalitumia katika Yohana 16:33, pale ambapo Biblia yetu inasema "Ulimwenguni mnayo dhiki". Lilipoingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 14 lilibeba maana hiyo hiyo ya mateso na uchungu. Fizikia ililikuta likiwa tayari lina umri mkubwa.

Ni karne ya 17 ndiyo iliyolipa kazi ya pili. Mwaka 1643 Evangelista Torricelli wa Italia alionyesha kwamba uzito wa hewa unatosha kushikilia safu ya zebaki yenye kimo cha milimita 760 hivi ndani ya mrija wa kioo. Mwaka 1648 Florin Périer, shemeji wa Blaise Pascal, alipanda mlima wa Puy de Dôme kule Ufaransa na mrija wa aina hiyo, akakuta zebaki imeshuka. Jaribio hilo kila abiria wa treni ya Mombasa analirudia bila kujua: Pwani zebaki ingesimama karibu 760, na hapa kwetu, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, ingesimama karibu 620. Vile vipimo vya milimita za zebaki anavyoandika daktari kwenye kadi yako vimeanzia kwenye mrija wa Torricelli.

Kisha wakaja watu wa mvuke. Nairobi yenyewe ilianza 1899 kama kituo cha reli, na kwenye Makumbusho ya Reli bado lipo gari moshi la daraja la 59, nambari 5918, jina lake Mount Gelai, ambalo boila lake lilitengenezwa kufanya kazi kwa pauni 225 kwa kila inchi ya mraba. Mashine za ukoo huo ndizo zilizolipa neno taswira ya mtu anayetokota kwa ndani hadi anakaribia kupasuka. Kumbe huzuni ilikuwa imelirudia neno lake, safari hii likiwa na geji na valvu.

Shinikizo lilienda njia ya kinyume. Kamusi za zamani zinalieleza kwanza kama chombo, mtambo wa kukamulia, kwa mfano wa mafuta. Unaweka mbegu, unakaza, mafuta yanatiririka. Kutoka kwenye chombo likawa tendo la kubana, kutoka kwenye kubana likawa kumlazimisha mtu, na leo haipiti wiki bila kulisoma kwenye kichwa cha habari za siasa. Kwa hiyo mhariri anayefuta presha kwa hoja kwamba ni la gereji, akaandika shinikizo kwa hoja kwamba lina heshima zaidi, ajue kuwa la pili ndilo lililotoka karakana.

Kwenye gurudumu, bomba na jiko

Hapa sina mjadala mrefu. Andika presha.

Msikilize fundi wa pancha akiwa kazini. Anatenganisha maneno mawili ambayo waandishi huyachanganya: upepo ni kile anachotia, presha ni kile anachosoma. "Ongeza upepo, presha iko 26, tunataka 32." Hakuna mhandisi atakayeiboresha sentensi hiyo. Sasa weka shinikizo mahali pa presha uone: "shinikizo la gurudumu liko 26". Msomaji anaanza kufikiria gurudumu limekaliwa na kitu, au ndilo linalomkalia mtu.

Jambo moja ambalo anayeandika vitabu vya madereva afaa kulijua: ile geji haisomi presha yote iliyomo, inasoma ile iliyozidi hewa ya nje. Gurudumu lililolala chini husoma sufuri ingawa ndani limejaa hewa tunayopumua. Ndiyo sababu gari lililojazwa upepo Mombasa, likifika Nairobi na magurudumu yakiwa na joto lile lile, geji itaonyesha pauni mbili na nusu hivi zaidi bila mtu kugusa valvu. Cha ndani hakijabadilika. Cha nje ndicho kimepungua. Ukiandika "presha ya gurudumu" bila maelezo, kila mtu anaelewa ni ile ya geji. Ukiandika "kanieneo ya gurudumu", mwalimu wa fizikia ana haki ya kukuuliza ipi.

Kwenye maji ushindani ni wa kweli zaidi, kwa sababu watu husema matatu: maji hayana presha, maji hayana msukumo, maji hayana nguvu. La mwisho ni la mazungumzo tu. Kati ya mawili ya mwanzo kuna tofauti yenye faida. Mpangaji wa ghorofa ya juu kabisa hupata shawa dhaifu kwa kuwa tangi liko mita mbili tatu tu juu ya kichwa chake, na inahitajika safu ya maji ya mita 10 kuzaa presha ya karibu baa 1. Huyo kweli hana presha, na pampu ya kuongeza presha itamsaidia. Lakini jirani wa chini anayeona maji yanachuruzika kwa sababu bomba limejaa kutu na magadi, presha anayo. Kinachokosekana ni njia. Msukumo ni neno la kitu kinachotembea, linafaa kwa mkondo. Presha inaweza kuwepo hata kila bomba likiwa limefungwa na maji yametulia tuli. Wauzaji wa pampu wangetenganisha hayo mawili kwenye matangazo yao, watu wangeacha kununua pampu za kupambana na kutu.

Jikoni mambo ni mepesi. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, na ndiyo maana githeri huvuta saa na makaa. Denis Papin, Mfaransa, alitengeneza chungu cha kwanza cha kufungia mvuke mwaka 1679. Presha kuka za leo, zikibana mvuke kwa pauni 15 juu ya hewa yetu, hufikisha nyuzi 118 hivi, na maharagwe yanalainika upesi. Kwenye maelezo andika "usifungue kifuniko kabla presha haijaisha". Nimewahi kusoma kijitabu kilichosema "kabla shinikizo halijaondolewa". Mpishi wa kawaida akisoma hivyo atatafuta jiwe lililowekwa juu ya kifuniko aliondoe.

Hospitalini, mahali neno linapoweza kuumiza

Hapa ndipo nitakapokaa, kwa sababu uchaguzi mbaya wa neno una gharama.

Kipimo chenyewe kwanza. Mwaka 1733 kasisi wa Kiingereza, Stephen Hales, alichapisha maelezo ya jinsi alivyotia bomba la shaba kwenye mshipa wa farasi na kuliunganisha na mrija mrefu wa kioo. Damu ilipanda zaidi ya futi 8. Bahati nzuri hatupimwi hivyo. Mwaka 1896 daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alitoa mkanda wa kujaza hewa unaofungwa mkononi, na mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaongeza kusikiliza mshipa kwa chombo cha sikioni. Muuguzi anajaza mkanda hadi mshipa umezibwa na damu haipiti. Kisha anaachia hewa polepole. Mdundo wa kwanza anaousikia ndio namba ya juu. Pale midundo inapotoweka ndiyo namba ya chini.

Tazama kinachofanyika kwenye mkono huo. Damu inasukuma ukuta wa mshipa kutoka ndani. Mkanda unabana kutoka nje. Muuguzi anatafuta pale viwili hivi vinapolingana. Kwa lugha yangu, anapima presha kwa kutumia shinikizo, na maneno yote mawili yamekutana juu ya kiwiko kimoja. Kinachomsumbua mgonjwa ni kile cha ndani. Kwa hiyo ingekuwa ni mimi nimeamua mwanzoni, tungesema presha ya damu na tusingehangaika. Lakini "shinikizo la damu" limeshakita mizizi, lipo kwenye redio na kwenye vitabu, na sioni faida ya kupigana nalo. Kwenye taarifa rasmi liandike. Kwenye karatasi atakayosoma mgonjwa mwenyewe, andika "presha ya damu", kwa sababu hilo ndilo atakalosema akifika dirishani.

Neno ninaloshauri ulikatae ni presha tupu, isiyo na "ya damu". Sababu ni hii. Mtaani presha ni ugonjwa na pia ni mawazo mengi. Mtu akiambiwa ana presha, na neno ni lile lile analolitumia kwa karo, kodi na mikopo, anaunganisha mambo mawili kirahisi: nina presha kwa sababu nina mawazo. Kutoka hapo hatua inayofuata inaonekana ya busara kabisa. Deni likilipwa, mtoto akipata kazi, moyo ukitulia, anaweka vidonge kabatini, kwani presha si imeisha? Haijaisha. Presha ya damu iliyozidi mara nyingi haina dalili yoyote. Haiumi, haikosi usingizi, haina habari na karo. Inaweza kupanda kwa mtu anayecheka tangu asubuhi hadi jioni, na ikaendelea kuharibu figo, moyo na mishipa ya ubongo kimyakimya.

Ni kweli kwamba hofu na hasira hupandisha namba kwa muda. Kuna watu ambao vipimo vyao hupanda kwa kuona tu koti jeupe la daktari. Ndiyo maana unatakiwa ukae dakika tano kabla ya kupimwa, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, bila kuongea. Lakini kupanda kwa dakika kumi ni jambo moja, na ugonjwa unaotambuliwa kwa vipimo vya siku tofauti vilivyofika 140 juu au 90 chini ni jambo jingine. Kijitabu kinachosema "Epuka presha ili usipate presha" kimeyaunganisha yote mawili na kumkabidhi msomaji fundo.

Linganisha sentensi hizi, zote za aina inayobandikwa ukutani kwenye zahanati.

"Punguza presha maishani." Huu ni ushauri wa mchungaji. Hautamfanya mtu apimwe.

"Dhibiti shinikizo." Lipi? Msomaji wa magazeti atadhani ni la wabunge.

"Hata ukiwa huna mawazo, presha ya damu inaweza kuwa juu. Pimwa." Hii ndiyo ninayoipenda, maana inakata kamba pale pale ilipofungwa.

Na kuhusu "presha ya kupanda" na "presha ya kushuka": yaache yaendelee. Yanaeleweka na yanatenganisha magonjwa mawili ambayo matibabu yake ni kinyume. Kasoro yake ni ndogo: yanasikika kana kwamba presha inapanda na kushuka kama kawaida yake siku nzima, ilhali ya kupanda huweza kukaa juu miaka. Nikiwa na nafasi ya maneno mawili zaidi naandika "presha ya damu iliyo juu".

Kwa anayependa namba, 120 za daktari ni sawa na pauni 2.3 tu kwenye geji ya fundi wa pancha, na gurudumu la pauni 32 lingesoma zaidi ya 1,650 kwa daktari. Neno moja, kazi moja, mizani tofauti kabisa. Usiandike namba bila kizio chake hata kama unadhani mazingira yanajieleza.

Bungeni, shuleni, kazini

Shinikizo linatawala hapa, na nguvu yake iko kwenye sarufi. Lina kitenzi. Kushinikiza, kushinikizwa, kushinikizana: yote yanakubali, na kila mara yanakulazimisha useme nani anamkalia nani. Presha haina kitenzi. Inabidi uipe, uiweke, au uitie, na mtendaji anaweza kupotea njiani. "Waziri alijiuzulu kutokana na presha" inaacha swali, je, ni wapinzani au ni daktari wake? "Waziri alishinikizwa na wabunge kujiuzulu" haikuachi na swali. Anayeandika habari akiona ameandika "presha" kwenye siasa, ajiulize kama anakwepa kumtaja mtu.

Shuleni ni hivyo hivyo. Wanafunzi wetu wanaandika insha kuhusu shinikizo la rika, na neno limekaa sawa: kuna rika, kuna anayesukumwa, kuna jambo analosukumwa kulifanya. Angalizo dogo la upatanisho, kwani hata magazeti hutereza: ni shinikizo la, mashinikizo ya. "Shinikizo za kisiasa" naisikia sana na bado inanikwaruza masikio.

Mpira wa miguu ni nchi huru. Mtangazaji akisema "wanawawekea presha langoni", mwache. Mechi ina dakika 90 na hakuna muda wa mashinikizo.

Kanieneo na mgandamizo, kwa ufupi

Kanieneo ni neno lililoundwa vizuri, kani juu ya eneo, maana yote imo ndani. Tatizo lake ni makazi. Kenya fizikia inafundishwa kwa Kiingereza, na hata Tanzania ikifika sekondari ni hivyo hivyo, basi neno limebaki kwenye kamusi za istilahi likingoja wanafunzi. Litumie ukiandika makala ya sayansi yenye hesabu ndani yake, ambapo kwanza utaeleza kani. Kwingineko kote litamfukuza msomaji.

Mgandamizo lina sehemu moja ambako halina mpinzani, nayo ni hali ya hewa. Watabiri wa Tanzania husema mgandamizo mdogo wa hewa na mgandamizo mkubwa, na mtu anayetafsiri habari za vimbunga vya Bahari ya Hindi aliige bila aibu. Pia linafaa kwa kitu kinachobanwa hadi kikapungua, kama hewa ndani ya silinda ya injini. Halifai kwa mtu.

Mzigo wa moyoni

Tumebaki na pale neno lilipoanzia. Mnairobi wa leo ana njia nyingi za kusema kwamba mambo yamemzidi: ana presha, ana stresi, ana msongo wa mawazo, amebanwa, yamemfika shingoni, yuko kwenye dhiki. Ukizipanga utaona zimegawanyika makundi mawili. Kubanwa, kusongwa, dhiki, kufikwa shingoni: hizi zote zinatoka nje, dunia inamjia mtu na nafasi inakwisha. Hizo ndizo za Kiswahili cha siku zote. Presha peke yake ndiyo inayotoka ndani, inayopanda, inayotishia kupasuka. Ni picha ya boila, na Kiswahili kiliihitaji, maana kuna hasira ya mtu aliyekaa kwenye foleni ya Barabara ya Mombasa saa mbili ambayo dhiki haiielezi.

Kwa hiyo chagua kwa kutazama mtu mwenyewe. Mama aliyefiwa na mume, ana watoto watatu na mwenye nyumba anagonga mlango: hana presha huyo, ana dhiki, na ukimwandikia presha umemdogosha. Mfanyakazi ambaye simu ya bosi inalia saa nne usiku, kesho ana ripoti mbili, na amejikaza asipige kelele: huyo ana presha hasa. Mtu ambaye kwa miezi halali, hali, na furaha imemtoka, mwandikie msongo wa mawazo na umwelekeze kwa mtaalamu. Neno hilo sasa linafahamika, na halitamfanya ajipeleke kupimwa mkono akidhani ndiyo tiba. Stresi ibaki kwenye mazungumzo na kwenye nukuu. Sina chuki nayo, ila haina jambo inalosema ambalo hayo mengine hayasemi.

Jaribio la mwisho ni maandishi ambamo maana zote zinakutana. Tuseme umeombwa karatasi ya ukurasa mmoja kwa madereva wa matatu. Rasimu ya haraka itakuwa hivi: "Dereva, kagua presha kabla ya safari. Presha ikizidi ni hatari kwako na kwa abiria. Epuka presha ya mwenye gari." Dereva atacheka, kisha ataitumia kufutia kioo.

Mimi ningeandika hivi: "Kagua upepo asubuhi magurudumu yakiwa baridi, kila gurudumu lifike presha iliyoandikwa kwenye mlango wa gari. Pima presha ya damu angalau mara moja kwa mwaka hata kama hujisikii vibaya. Mwenye gari akikushinikiza uendeshe bila kupumzika ili hesabu itimie, una haki ya kukataa." Presha mbili, kila moja na mwenyewe wake, na shinikizo moja lenye mtu nyuma yake. Imeongezeka mistari miwili, na mchapishaji atalalamika kuhusu nafasi. Mwambie apunguze picha.